Tulbaa zinavyoingia kwenye kompyuta, na kwa nini hazitoki kwa kubofya mara moja

Mwaka 2013 mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptop kibandani, akaiweka mezani na kusema, "Fundi, hii imeshazeeka. Nitafutie mteja, nichukue nyingine." Niliiwasha. Chai yangu ilifika nusu kikombe kabla Windows haijamaliza kujikusanya. Nilipofungua Internet Explorer nikakuta mistari mitano ya vitufe imelazwa juu ya dirisha, mmoja chini ya mwingine. Wa kwanza ulikuwa na kisanduku cha kutafutia. Wa pili ulionyesha hali ya hewa ya mji fulani wa Marekani. Wa tatu ulikuwa unagawa nyuso za kutabasamu, wa nne ulidai kompyuta ina makosa mamia kwa mamia na inahitaji kurekebishwa sasa hivi. Wa tano hatukujua kazi yake, mimi wala yeye. Ukurasa wenyewe ulibaki ukanda mwembamba huko chini, unausoma kama mtu anayechungulia uvunguni.

"Hizi uliziweka lini, mwalimu?"

"Mimi sijaweka kitu, fundi. Zimekuja zenyewe."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na anayelitoa huwa hasemi uongo. Hakuna siku mwalimu yule aliyoketi akaamua kuweka tulbaa. Lakini Windows hutunza tarehe ya kila kinachosakinishwa, na tarehe zilionyesha kwamba zote tano ziliingia siku alizokuwa anaweka vitu vingine, kwa kidole chake mwenyewe, akibofya "Next". Ukielewa jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, unajua pia pa kuzitafuta unapotaka kuzitoa.

Upau wa zana, au tulbaa kama tunavyozoea kusema, ni mstari wa vitufe ambao programu ya nje inauongeza kwenye kivinjari. Microsoft ndiyo iliyofungua njia mwaka 1997 ilipotoa Internet Explorer 4. Toleo hilo liliruhusu programu za watu wengine zipachike kipande chao ndani ya kivinjari, kipande kinachoamka kila kivinjari kinapoamka na kuona kila ukurasa unaofunguliwa. Hapo mwanzo hakukuwa na ubaya. Google ilipotoa tulbaa yake Desemba 2000, watu waliipokea kwa furaha, kwa sababu Internet Explorer haikuwa na kisanduku cha kutafutia pale juu. Baadaye tulbaa hiyohiyo ikaanza kuzuia madirisha ya matangazo yanayochomoza. Mtu aliitafuta, akaipakua, akajua amepata nini.

Mambo yaliharibika pale wenye tulbaa walipogundua kwamba hawahitaji kutafutwa.

Chukua mfano wa Java, kwa sababu ndio uliopita mikononi mwa watu wengi zaidi. Kompyuta nyingi zilihitaji Java ili kurasa fulani zifunguke. Ilikuwa ya kampuni ya Sun, na mwaka 2010 Sun ikanunuliwa na Oracle. Ulipokuwa unaisakinisha, katikati ya madirisha yale lilitokea moja lenye kisanduku ambacho tayari kimetiwa tiki: ndiyo, niwekee pia tulbaa ya Ask, tovuti ya kutafutia. Usipoitoa tiki, umekubali. Java ilikuwa na matundu mengi ya kiusalama siku hizo, kwa hiyo masasisho yalikuja mara kwa mara, na kila sasisho lilirudi na kisanduku kilekile, tiki ikiwa mahali pake. Aliyekataa mara nne akapitiwa mara ya tano, aliipata.

Kuna jambo moja lililoripotiwa Januari 2013 ambalo mpaka leo huniacha nikitikisa kichwa. Tulbaa ya Ask haikujiweka palepale. Sehemu yake ilikaa kimya dakika 10 baada ya Java kumaliza, ndipo ikaanza kazi. Ukiangalia orodha ya programu zako mara tu baada ya kusakinisha, huoni kitu. Unafunga, unaendelea na shughuli zako. Baadaye inatokea, nawe huwezi tena kuihusisha na Java. Sasa nani atamlaumu mwalimu akisema imekuja yenyewe? Juni 2015 Microsoft iliyaingiza matoleo ya zamani ya tulbaa hiyo kwenye orodha ya programu zisizotakiwa, na mwaka huohuo Oracle ikaachana na Ask, ikahamia kwa Yahoo. Kisanduku kilibaki, kilichobadilika ni jina la mgeni.

Hata tovuti zilizoheshimika za kupakulia programu ziliingia mkumbo huo. Mwaka 2011 mtunzi wa Nmap, programu ya bure inayotumiwa na watu wa mitandao, alilalamika hadharani kwamba Download.com imeifunga programu yake ndani ya faili lao la kusakinishia lenye tulbaa, bila ruhusa yake. Mwaka 2015 ikawa zamu ya GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa upande wa SourceForge. SourceForge ilipopata wamiliki wapya mwanzoni mwa 2016 waliufuta mpango huo.

Na sisi mafundi? Nilikuwa na flash ya programu. Kila fundi alikuwa nayo: kicheza video, kifungua mafaili yaliyobanwa, kisoma PDF, vyote tayari, kwa sababu kupakua upya kwa kila mteja ni kuchoma bando. Baada ya kuisafisha laptop ya mwalimu nikaweka kicheza video kutoka kwenye flash yangu, nikashangaa kuona mstari mpya wa vitufe unachomoza juu. Faili lile nililitoa kwenye tovuti niliyoikuta njiani miezi mingi nyuma, wala si kwa watengenezaji wa programu. Nikahesabu kichwani mashine zote nilizopita nalo mtaani kwetu. Sikumwambia mtu siku hiyo.

Kwa nini mtu ahangaike hivyo kuweka mstari wa vitufe kwenye laptop ya mwalimu? Jibu liko kwenye kile kisanduku cha kutafutia. Ukiandika "matokeo ya kidato cha nne" kwenye kivinjari kilichobadilishwa, swali lako hupitia kwanza kwenye tovuti ya mwenye tulbaa. Unaletewa ukurasa unaofanana na ule uliouzoea, ila juu umejaa matangazo yaliyovaa nguo za majibu. Ukibofya moja, mtangazaji analipa, na malipo yanagawanywa kati ya kampuni ya matangazo na aliyekupeleka pale. Ni senti tu, lakini senti za mamilioni ya watu wasiojua kwamba wanatafuta kupitia dirisha la mwingine. Kampuni ya IAC iliinunua Ask mwaka 2005 kwa dola bilioni 1.85, hapo unaweza kupima biashara yenyewe ina uzito gani.

Chini ya biashara hiyo kulikuwa na soko la usakinishaji. Watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York walilichunguza na kutoa matokeo mwaka 2016: wenye programu hizi walikuwa tayari kulipa hadi dola 1.50 kwa kila kompyuta moja ambayo programu yao imewekwa. Anayelipwa ni yule aliyezibeba ndani ya kicheza video chako. Wakati huo mfumo wa ulinzi wa Google ulikuwa unatoa maonyo zaidi ya milioni 60 kwa wiki kuhusu programu zisizotakiwa, karibu mara tatu ya yale ya programu hatari hasa. Ndiyo maana tulbaa hazikuja mojamoja. Faili moja lingeweza kuuza nafasi tatu au nne.

Uzito nao unatoka hapohapo. Kila tulbaa ni programu kamili inayoamka na kivinjari, inasoma ukurasa kabla hujauona, inatuma habari kwenye seva yake na kusubiri jibu. Ziwe tano, zinapangiana foleni. Nyuma yake kuna kijiprogramu cha kujisasisha kinachoanza Windows inapowaka, na wakati mwingine kingine cha ulinzi, ambacho kazi yake ni kuangalia kama umerudisha ukurasa wako wa mwanzo na kuubadilisha tena. RAM ya giga mbili, kama ile ya mwalimu, haina pa kukimbilia. Bando nalo linaliwa ukiwa umekaa tu. Internet Explorer 9 ya mwaka 2011 ilianza kupima jambo hili waziwazi: viongezwa, yaani tulbaa na vipande vingine vya nje, vikichelewesha kivinjari kwa jumla ya zaidi ya sekunde 0.2 viliripotiwa kwa mtumiaji, na muda wa kila kimoja ukaandikwa. Wengi waliufunga ujumbe huo bila kuusoma.

Utauliza antivirusi ilikuwa wapi. Kisheria, tulbaa si virusi: ulipewa masharti, ukakubali. Kampuni ya Zango, iliyosambaza programu za matangazo, iliishtaki Kaspersky, kampuni ya antivirusi, kwa kuzuia programu zake, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa huko Marekani ikaipa Kaspersky ushindi, lakini tahadhari ya watengenezaji wa antivirusi ilibaki. Ndiyo sababu ya lugha ile ya upole unayoikuta kwenye antivirusi, "programu ambayo huenda haitakiwi", na ndiyo sababu kwa miaka mingi ulinzi dhidi yake ulikuja ukiwa umezimwa. Kwenye Windows 10 Microsoft ilianza kuuwasha wenyewe Agosti 2021. Kama mashine yako haijasasishwa tangu zamani, ingia kwenye Usalama wa Windows, sehemu ya udhibiti wa programu na kivinjari, uhakikishe umewashwa.

Sasa tuingie kazini. Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuanzia kwenye kivinjari. Anaona mstari, anaufuta, unatoweka, anafurahi. Asubuhi umerudi. Alichofuta ni bango la duka. Mwenye duka yumo ndani ya Windows, na akiona bango halipo atatundika lingine.

Kwa hiyo anza na Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, ubofye Enter. Itakuja orodha ya programu zote. Sasa, usisome majina. Majina yametungwa ili usiyashuku. Bofya kichwa cha safu ya tarehe ili orodha ijipange kwa siku za kusakinishwa. Utaona makundi. Kwenye ile laptop ya mwalimu kulikuwa na siku moja yenye programu nne: moja aliikumbuka vizuri, kigeuza muziki, na tatu hakuwahi kuzisikia. Zile tatu zilipanda basi moja na kigeuza muziki. Njia hii imenisaidia kuliko orodha yoyote ya majina ya programu mbaya, maana majina hubadilika kila mwezi.

Unapoziondoa, soma kila dirisha taratibu. Waliotunga maswali ya kuingia ndio waliotunga ya kutoka. Utaulizwa kama kweli unataka kubaki bila ulinzi. Kitufe kikubwa chenye rangi kinakubakiza, kile kidogo cha kijivu ndicho kinachokutoa. Wengine huuliza kinyumenyume mpaka hujui "ndiyo" ina maana gani. Ukimaliza, zima kompyuta na kuiwasha.

Ndipo uende kwenye kivinjari. Andika chrome://extensions kwenye Chrome, edge://extensions kwenye Edge, about:addons kwenye Firefox, utoe kila kiendelezi, yaani programu ndogo iliyopachikwa ndani ya kivinjari, usichokumbuka kukihitaji. Kama kimoja hakina kitufe cha kukiondoa na Chrome inasema kivinjari chako kinasimamiwa na shirika, simama hapo. Chrome ina mlango wa ofisi: msimamizi wa kompyuta za kampuni anaweza kulazimisha kiendelezi kwa wafanyakazi wote, na mfanyakazi asiweze kukitoa. Wenye programu chafu waliugundua mlango huo wakaanza kujipitishia humo. Andika chrome://policy. Ukikuta mstari unaoitwa ExtensionInstallForcelist kwenye kompyuta yako ya nyumbani, hilo shirika ndilo lililokuvamia. Agizo limeandikwa kwenye rejista ya Windows, daftari la ndani linalotunza mipangilio yake, kwa kawaida ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome. Linafutwa huko, lakini rejista si mahali pa kujaribia bahati. Hifadhi nakala yake kwanza au mpe anayeijua. Na kama kompyuta ni ya ofisi, muulize mtu wa IT kabla hujagusa, kwani huenda ni yeye aliyeweka. Antivirusi nyingine pia huacha maagizo yao humo.

Kuna sehemu mbili ambazo hata mafundi huzisahau. Moja ni ikoni yenyewe ya kivinjari pale kwenye eneokazi (desktop). Ibofye kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, tazama mstari unaoonyesha faili inayofunguliwa. Unatakiwa kuishia na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ukikuta baada ya hapo kuna nafasi kisha anwani ya tovuti, umempata: kila ukibofya ikoni, Chrome inaamriwa ifungue ukurasa ule, na unaweza kubadilisha mipangilio ya ndani mpaka uchoke. Futa anwani hiyo, au tupa ikoni utengeneze nyingine. Sehemu ya pili ni ratiba ya kazi za Windows, andika taskschd.msc palepale ulipoandika appwiz.cpl. Kazi yenye jina la ovyo inayofungua kivinjari kila saa haina sababu ya kuwepo.

Baada ya hapo ndipo napitisha AdwCleaner, programu ya kusafisha tulbaa na wenzake. Ilitungwa na vijana wa Ufaransa, na kampuni ya Malwarebytes ikainunua Oktoba 2016. Ni ya bure, na haihitaji kusakinishwa. Wapo wanaoanza nayo. Mimi naona afadhali kuziondoa programu kwa njia zao wenyewe kwanza, kisha AdwCleaner ifagie mabaki. Ipakue kwenye tovuti ya Malwarebytes moja kwa moja. Ukiandika "programu ya kuondoa tulbaa" kwenye kivinjari ambacho tayari kimetekwa, unamuomba mwizi namba ya polisi. Na ukikutana na ushauri wa kutumia kisafishaji kilichomo ndani ya Chrome, ujue umepitwa na wakati: Google ilikiondoa Machi 2023.

Mwisho rudisha mipangilio ya kivinjari kama kilivyokuja. Chrome inayo hiyo kwenye chrome://settings/reset. Firefox inayo kwenye about:support. Alamisho na nywila zako zitabaki. Kama unatumia akaunti ya Google kwenye kompyuta mbili, safisha zote siku moja. Nimewahi kurudishiwa mashine mara tatu na kijana mmoja, kila mara kiendelezi kimerudi, mpaka nilipomuuliza kama ana kompyuta nyingine. Ilikuwa ya dada yake. Akaunti ilikuwa ileile, na ulandanishi, yaani kule kunakiliana kwa mipangilio kati ya kompyuta za akaunti moja, ulikuwa unakileta kutoka kule kila anapoingia.

Mistari ile ya vitufe leo huioni. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 15, 2022, na tulbaa ya Google ilikuwa imeshafungwa Desemba 2021. Tangu 2014 Chrome kwenye Windows imekataa viendelezi visivyotoka kwenye duka lake. Lakini biashara iliyokuwa nyuma ya mistari ile haikufa. Ilihamia kwenye viendelezi, ambavyo ni vibaya zaidi kwa kuwa havionekani. Kiendelezi kinachoitwa The Great Suspender kilipendwa na watu zaidi ya milioni mbili kwa sababu kilipunguza mzigo wa vichupo (tab) vilivyofunguliwa. Mwaka 2020 mwenyewe alikiuza. Februari 2021 Google ilikizima kwenye kompyuta za watu wote ikisema kina programu hasidi. Waliokiweka walikuwa wamechagua vizuri kabisa. Aliyebadilika ni mwenye mali.

Na simu. Mwalimu yule amestaafu sasa. Juzijuzi alikuja na simu mkononi: inalia usiku kucha, inaandika kwamba ina virusi 13. Niliubonyeza mmoja wa ujumbe ule kwa sekunde mbili, na chini yake pakatokea jina la Chrome na la tovuti moja ambayo sikuijua. Haikuwa programu wala virusi, ilikuwa ruhusa ya arifa. Tuliingia kwenye mipangilio ya tovuti ndani ya Chrome, sehemu ya arifa, tukazima tisa. Akaniuliza alizipa ruhusa wapi. Tukafungua historia ya kivinjari, tukarudi nyuma mpaka usiku wa Jumamosi, kwenye ukurasa wa kuangalia mpira: picha ya roboti, na chini yake maneno yanayomtaka abofye "Allow" ili kuthibitisha kwamba yeye ni binadamu.